Mvinyo Mkongwe na Hukumu ya Mwalimu

Katika miaka yangu 39 ya ualimu nimesahihisha karatasi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilianza katika shule ya msingi ya kijijini, nikawa mwalimu mkuu, na mwishowe nikastaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, ambako kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wengine jinsi ya kufundisha na jinsi ya kutoa alama. Kazi hiyo ya kutoa alama niliipenda. Niliamini, na kwa sehemu naamini hata leo, kwamba mwalimu asiyethubutu kusema hili ni sahihi na hili si sahihi hana kazi ya kufanya darasani. Lakini mwaka 2023, mezani kwa mwanangu katika nchi ya mbali, nilipata somo juu ya alama ambalo chuo chochote hakikuwahi kunipa. Nimeona vema niliandike.

Mwanangu wa tatu anaishi Adelaide, mji mkuu wa jimbo la Australia Kusini. Ameoa huko, na Mungu amemjalia watoto wawili. Kazi yake ni kutunza mapipa katika ghala la mvinyo kwenye Bonde la Barossa, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mjini. Mwezi wa Aprili mama watoto nami tulikwenda kuwatembelea. Huko mwezi huo ni wa majani kupukutika, mavuno ya zabibu yamekwisha au yanakaribia kwisha, na watu wa kazi hiyo hupata nafasi ya kukaa na jamaa zao. Jumamosi moja mkwe wangu akaoka paja la mwanakondoo, mke wangu akapika wali wa nazi kwa nazi ya kopo akiilalamikia muda wote, na mwanangu akapandisha chupa kadhaa kutoka chini ya nyumba alikozihifadhi.

Hapa sina budi kusema neno kwa msomaji ambaye dini yake au afya yake haimruhusu kinywaji hiki. Mimi mwenyewe si mnywaji. Mvinyo niliouzoea ni ule wa altareni na ule wa harusini, na vikombe vyangu vya jioni ile vingejaa kwenye kiganja. Fuatana nami kwa ajili ya hoja, si kwa ajili ya glasi.

Zabibu si ngeni kwetu. Wamisionari walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, na kwa sababu ya hali ya hewa ya huko mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini mvinyo nilioujua mimi ulikuwa mtamu na mchanga. Sikupata kufikiri kwamba kinywaji kinaweza kuwa na utoto, ujana na uzee kama binadamu.

Mwanangu alianza kwa kumimina mvinyo mweupe katika glasi mbili. Zote zilikuwa za Bonde la Hunter, kaskazini ya Sydney, za zabibu ziitwazo Semillon, za mtengenezaji mmoja. Glasi moja ilikuwa ya mwaka 2022 na nyingine ya mwaka 2005. Akanipa kwanza ile changa. Rangi yake ilikuwa karibu na maji. Ilikuwa nyembamba na kali kama ndimu, na haikuwa na kitu kingine ambacho ulimi wangu ungeweza kukitaja. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 15, aliruhusiwa kunusa tu. Akasema, "Babu, hii inafaa kwa samaki, siyo kwa watu."

Nikamwuliza mwanangu ni nani huamua kuwa mvinyo huu ni mzuri na ule ni mbaya. Akanieleza kwamba katika maonyesho ya Australia majaji kwa miaka mingi walitoa alama kati ya 20: alama tatu kwa rangi na ung'avu, saba kwa harufu, na kumi kwa ladha. Moyo wangu wa ualimu uliruka. Nikaomba karatasi. Nikaipa ile ya 2022 alama tisa kati ya 20, nikaandika pembeni: "Haina kina. Ajitahidi zaidi."

Kisha akanipa ile ya 2005. Rangi ilikuwa ya dhahabu, kama asali mbichi. Ilinukia mkate uliobanikwa na kupakwa siagi, na ladha yake ilikaa kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Nikadhani imekaa kwenye pipa la mti wa mwaloni, au imetiwa kitu. "Hapana, Baba," alisema mwanangu. "Haikutiwa kitu, wala haikukaa katika pipa la mwaloni. Zabibu hizi huchumwa mapema, zikiwa bado kali, na mvinyo hutiwa chupani ungali mchanga. Mengine yote hufanyika humo ndani ya chupa, gizani." Nikaandika 18. Akaitazama karatasi yangu, akatabasamu, akasema, "Ni mwanafunzi yule yule, Baba."

Hakusema zaidi. Lakini mimi nilisikia zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Tulipokuwa tukila akatusimulia habari za Max Schubert. Huyu alizaliwa mwaka 1915, akaingia katika kampuni ya Penfolds mwaka 1931 akiwa tarishi, na kufikia mwaka 1948 alikuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo. Mwaka 1950 alikuwa Ulaya, na huko Bordeaux, Ufaransa, akaonjeshwa mvinyo wa miaka 40 na 50 ambao bado ulikuwa na uhai. Akarudi kwao na nia ya kutengeneza mvinyo mwekundu wa Australia utakaoweza kuishi miaka mingi. Mwaka 1951 akatengeneza wa kwanza wa majaribio, akauita Grange, na akaendelea kila mwaka.

Mvinyo mwekundu wa namna hiyo, ukiwa mchanga, una ukakasi. Kila aliyewahi kula bibo au ndizi mbichi anaujua ukakasi: ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ndio huo huo unaousaidia mvinyo kuishi muda mrefu. Miaka ikipita, chembe zake hushikana, huwa nzito, na nyingine hutua chini ya chupa kama mashapo. Kinachobaki juu huwa laini. Basi kasoro ya ujana ndiyo akiba ya uzee, ingawa aonjaye leo hawezi kuiona akiba. Anaona kasoro tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Wakubwa wa kampuni na waalikwa wao walipouonja huko Sydney, waliukataa. Mmoja alisema ladha yake ni ya matunda ya porini yaliyochanganywa na sisimizi waliopondwa. Mwaka 1957 Schubert akaamriwa aache. Hakuacha. Alitengeneza kwa siri mavuno ya 1957, 1958 na 1959, na kuyaficha. Wakati huo mvinyo wa miaka ya kwanza ulikuwa ukiendelea kukomaa. Ulipoonjwa upya, waliokuwa wakiucheka walibadili kauli, na amri ile ikaondolewa kabla ya mavuno ya 1960. Ule wa mwaka 1955 ulipata medali ya dhahabu Sydney mwaka 1962. Mzee huyo alifariki mwaka 1994, na mvinyo wake umekuwa fahari ya nchi yake.

Niliposikia kisa hicho nilitaka kuwalaumu wale wakubwa. Lakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba hawakusema uongo. Walichoonja kilikuwa na ukakasi kweli, kama glasi yangu ya 2022 ilivyokuwa nyembamba kweli. Alama tisa niliyotoa haikuwa ya uonevu. Kosa lao lilikuwa kwingine: walitoka kwenye "leo haunyweki" wakaruka hadi "acha kuutengeneza". Neno la kwanza ni alama. La pili ni hukumu juu ya mambo ambayo hayajatokea, nayo haikuwa katika glasi.

Sasa nifike kwangu. Kabla ya nyama kuisha, mwanangu alifungua chupa ya mvinyo mwekundu wa Barossa, wa zabibu za Shiraz. Aliumimina polepole katika jagi la kioo, akimulika shingo ya chupa kwa tochi ndogo ili mashapo yabaki nyuma. Niliposoma karatasi ya chupa nikaona mwaka: 1994. Sijui kama aliuchagua kwa makusudi. Sikumwuliza, wala sitamwuliza.

Mwaka 1994 mwanangu huyo alifanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yalipotoka mapema mwaka 1995, alikuwa amepata sifuri. Mimi nilikuwa mtu wa elimu, ninajulikana wilaya nzima, na watu walileta watoto wao kwangu niwashauri. Jioni ile, tukiwa mezani na wageni wawili, mmoja aliuliza kwa upole kijana atafanya nini sasa. Nikajibu, naye akisikia: "Huyu nimekwisha kumpima. Hana kitu ndani." Sikupiga kelele. Nilitumia sauti ile ile niliyotumia kusoma alama darasani, na nadhani ndiyo maana iliingia sana. Mwezi haukuisha akaondoka nyumbani kwenda Dar es Salaam. Akaosha vyombo katika jiko la hoteli, akapanda kuwa mhudumu wa meza, akajifunza vinywaji, akakutana na binti ambaye leo ni mkwe wangu. Kwa miaka minne habari zake nilizipata kwa mama yake.

Mvinyo ule wa 1994 ulikuwa umepoteza zambarau ya ujana. Ukingoni mwa glasi rangi ilikuwa ya tofali. Ulikuwa laini, na ulikuwa mzuri sana. Sikuweza kuutolea alama.

Msomaji mwenye busara atanizuia hapa. Atasema: Mzee, unataka walimu waache kutoa alama? Unataka kila mvivu aambiwe kuwa ni mvinyo ambao haujakomaa? La hasha. Mwanangu mwenyewe alinionya nisilikosee jambo hili. Mvinyo mwingi zaidi unaotengenezwa duniani unafaa kunywewa katika mwaka mmoja au miwili. Ukiuweka miaka 20 hautakuwa bora. Utakuwa siki au maji ya majani. Muda hauumbi kitu ambacho hakikuwamo. Isitoshe, kuna wema wa kumwambia kijana ukweli mapema. Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi, na wahenga wale wale walinena mvumilivu hula mbivu. Nimewasikia walimu wakichagua methali ya kwanza wanapokuwa na hasira na ya pili wanapokuwa wavivu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nikumbuke mambo mawili ya chuoni. Mwanachuo mmoja alikuja na alama nzuri kuliko wenzake wote; masomo ya nadharia yalikuwa mchezo kwake. Niliandika kwamba atakuwa fahari ya taaluma. Miaka mitatu baadaye aliacha ualimu, akiwa amechoshwa na watoto, na nilisikia kwamba hata watoto walishukuru. Mwingine, katika mazoezi ya kufundisha, alitetemeka mbele ya darasa hadi chaki ikakatika mara tatu. Nilikuwa tayari kumwandikia kwamba hafai. Mkufunzi mwenzangu, mama mmoja mpole, akaniambia, "Mkuu, andika kwamba leo hakufaulu. Usiandike kwamba hafai." Nilikasirika, kwa kuwa nilidhani ananifundisha Kiswahili. Nikaandika alivyosema. Kijana yule akarudia mazoezi, na alifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka 20, darasa ambalo walimu wengi hulikimbia.

Mama yule alikuwa amekwisha kuniambia yote. Nilikubali ofisini, kwa mtoto wa mwenzangu. Nyumbani, kwa mtoto wangu, sikukumbuka.

Lakini usiku ule ulikuwa na chupa moja zaidi. Ilikuwa ya mwaka 1976, mwaka aliozaliwa mwanangu, na baba wa mkwe wangu aliwazawadia siku ya harusi yao mwaka 2004. Waliiweka wakingoja siku inayostahili. Mtoto wa kwanza alipozaliwa walisema bado. Walipomaliza kulipia nyumba walisema bado. Sasa wazazi wamekuja, siku imefika. Kizibo kikakatika, kipande kikazama ndani. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya chai iliyolala, na harufu yake ilikuwa ya siki na vumbi. Mwanangu alionja, akatikisa kichwa, akaenda kuimwaga kwenye sinki. Mkwe wangu akasema kwa huzuni kidogo, "Tungeinywa miaka kumi iliyopita. Kila mara tulidhani kuna siku kubwa zaidi inakuja."

Nilibaki nikilitazama jagi tupu. Tangu mwaka ule wa 1995 nilikuwa na neno la kumwambia mwanangu. Nilijua kwamba nilimkosea; nilijua tangu wiki ile ile. Alipotuandikia kwamba amepata kazi, nilisema nitamwambia akija likizo. Alipokuja kuoa, nilisema si vema kuharibu furaha. Alipopata watoto, nilisema mambo yamekwisha kujirekebisha. Nililiita jambo hilo subira. Nilikuwa nikihubiri kanisani kuhusu subira. Kumbe nilikuwa nimelaza chupa gizani na kuogopa kuifungua.

Siku chache kabla, mwanangu alikuwa amenipeleka kazini kwake. Nilimwona akipita pipa kwa pipa na chombo cha mvinyo mkononi. Aliniambia kwamba mvinyo ukiwa ndani ya pipa hupungua kidogo kidogo, hupita katika mbao na kupotea hewani, na ile nafasi inayobaki wazi ndiyo inayouharibu. Kwa hiyo pipa hujazwa tena mara kwa mara, huonjwa, na huandikwa. Hawangoji tu. Huko huko Barossa, katika ghala la Seppeltsfield, Benno Seppelt aliweka pipa la mvinyo wake bora mwaka 1878 na kuagiza lisiguswe kwa miaka 100. Yeye hakuishi kuionja miaka 100 hiyo, wala hakutarajia. Kila mwaka tangu hapo pipa jingine limewekwa. Hiyo ni subira kwa ajili ya watu wengine, nayo ina watunzaji wake. Yangu ilikuwa kwa ajili ya heshima yangu, na hapakuwa na mtu wa kuijaza.

Wengine walipokwenda sebuleni nilimfuata jikoni. Alikuwa akiosha glasi, nami nikachukua kitambaa nikawa nazifuta. Nikasema, "Mwanangu, jioni ile ya matokeo nilikukosea. Nilisema uongo juu yako mbele za watu."

Aliendelea kuosha kwa muda. Kisha akasema, "Nakumbuka, Baba." Akaninyoshea glasi nyingine. "Ungeniambia nilipokuwa Dar, ningelala vizuri zaidi. Nilikuwa na miaka 19. Lakini nashukuru umeniambia mwenyewe."

Sikupata maneno ya kuongeza. Alisema kweli, na ilinipasa kuipokea kama ilivyo. Msamaha nilioomba mwaka 2023 haukuwa sawa na ule ambao ningeomba mwaka 1996, wakati kijana alipouhitaji kama chakula. Ulikuwa bado unanyweka, basi. Mwaka 1996 ungemjenga. Sasa ulinipunguzia mzigo mimi kuliko yeye. Mtu mzima aliyesimama mbele yangu hakujengwa na neno langu.

Basi swali langu la tangu mwanzo, kama mwalimu ana haki ya kuhukumu kilicho kichanga, nalijibu hivi. Anayo haki, tena ni wajibu, kupima kilicho mbele yake leo na kusema alichokiona. Hana haki ya kupima kisichokuwa mbele yake. Na aliyekwisha kukosea katika hilo asijifariji kwa muda. Muda hukomaza kilichotunzwa. Haulipi deni la mtu.

Tulipoagana uwanja wa ndege, mjukuu wangu alinipa kadi aliyoitengeneza mwenyewe. Ndani ameandika kwamba baba yake amenunua chupa mbili za Semillon ile changa niliyoipa alama tisa. Moja watanifungulia nikirudi, kama Mungu akipenda. Nyingine wataifungua mwaka 2040, niwepo au nisiwepo, na yeye ndiye atakayetoa alama. Ameshabandika karatasi yangu kwenye chupa, ile niliyoandika "ajitahidi zaidi", kwa mwandiko wangu mwekundu.